Saa ya Mkono: Chombo na Pambo

Katika pwani yetu ya kusini, toka Diani na Msambweni hata Shimoni, Jego na Vanga, watu walijua kuigawa siku zamani kabla saa ya mkono haijafika. Jogoo aliwika, mwadhini aliadhini, jua lilipanda na kushuka, na bahari ilijaa na kupwa. Mvuvi hakuuliza ni saa ngapi. Aliuliza kama ni maji ya bamvua au maji mafu, na jibu lake lilimwambia siku ya kwenda mwambani na wakati wa kurudi. Hata leo twahesabu saa kwa jua: saa nzima ya mchana ikipita tangu kucha, twasema ni saa moja. Lakini akrabu fupi ya saa tuliyovaa wakati huo yaonyesha tarakimu 7. Mwanafunzi anayesoma ratiba ya mtihani iliyoandikwa 8.00 hujua, bila ya kufundishwa mara ya pili, kwamba mtihani wake ni saa mbili asubuhi. Macho yake yamesoma hesabu ya watu wengine, na ulimi wake umeifasiri katika hesabu yetu.

Jambo hili dogo latufundisha jambo kubwa. Saa haikushuka mbinguni pamoja na jua. Ni kazi ya mikono ya watu, na kila aliyeitengeneza alikuwa na mnunuzi fulani akilini: huyu alimfikiri baharia, yule askari, mwingine mkimbiaji, na mwingine tajiri aliyependa kuonekana. Saa moja huuzwa kwa bei ya kuku wachache, na nyingine kwa bei ya kujenga nyumba ya mawe; na zote mbili, ukizitazama kwa pamoja, zakuambia kwamba ni saa nne na robo. Atakaye kujua sababu ya tofauti hiyo asiitazame akrabu. Na aulize mtengenezaji alichagua kumpa nini mnunuzi wake. Historia ya saa za michezo, yaani saa ngumu zilizobuniwa kwa ajili ya kuzamia, kushindanisha magari na kupimia mbio, ambazo leo baadhi yake ni miongoni mwa mapambo ya gharama kubwa duniani, yaweza kutuonyesha uchaguzi huo kwa uwazi.

Tuanze na bahari. Katika karne ya 18 mabaharia wa Ulaya waliweza kujua wako kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota. Bali umbali wa mashariki na magharibi uliwashinda, na merikebu nyingi zikaangamia kwa sababu hiyo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja. Kwa hiyo nahodha mwenye saa inayoshika barabara wakati wa bandari aliyotoka, akiulinganisha na wakati wa jua la mahali alipo, aweza kuhesabu amekwenda nyuzi ngapi. Ole wake lakini saa hiyo ikikosea: katika bahari zilizo karibu na ikweta kama hii yetu, kosa la dakika moja tu humpoteza kwa kilomita 28 hivi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hata pauni 20,000 kwa mtu atakayeifumbua shida hiyo. Seremala mmoja, John Harrison, aliifanyia kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Saa yake ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 hivi. Nayo ilipochukuliwa hata Jamaika katika safari iliyoanza mwaka 1761, ilionekana kuchelewa sekunde 5 tu baada ya zaidi ya miezi miwili.

Saa za ukoo huo zilifika katika maji yetu. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza, akiwa na merikebu Leven na Barracouta, aliipima pwani ya Afrika ya Mashariki na kuitia katika ramani, akitumia saa za namna hiyo kupata longitudo. Mwaka 1824, katika kazi hiyo hiyo, alifika Mombasa, akakubali ombi la Mazrui la kupewa ulinzi wa Uingereza, ulinzi uliodumu hata mwaka 1826. Jina la luteni wake, Reitz, aliyefariki mwaka ule ule wa 1824, lingaliko hadi leo katika maji ya Port Reitz. Tazameni basi: saa sahihi haikuja kwetu kama pambo. Ilikuja kama chombo cha kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuijua pwani ya watu wengine kwa hesabu. Anayeijua pwani kwa hesabu amekwisha kupata nguvu juu yake.

Kwa muda mrefu baada ya hapo saa ya mwanamume ilikaa mfukoni, imefungwa kwa mkufu. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa kikuku cha wanawake, na mwanamume aliyeivaa alichekwa. Kazi ndiyo iliyovunja dharau hiyo. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, rubani wa Kibrazili, saa ya kufunga mkononi. Kwa kuwa mtu anayeongoza chombo hewani hawezi kuachia usukani ili apekue mfuko. Miaka kumi baadaye vita vikuu vya kwanza vya dunia vikawafundisha wanaume wengi somo hilo hilo.

Vita hivyo havikuwa mbali nasi. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 majeshi ya Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, yaliizingira ngome ya Jasini, ng'ambo ya mpaka ulio jirani na Vanga na Jego, hata askari waliokuwa ndani chini ya bendera ya Uingereza, wakiwa wamepungukiwa na risasi na maji, wakasalimu amri. Katika vita vya zama hizo vikosi viwili visivyoonana vilipaswa kuanza shambulio kwa dakika moja. Na afisa aliyelala kifudifudi, silaha mkononi, hana mkono wa tatu wa kushikia saa. Vita vilipokwisha mwaka 1918, kicheko kilikuwa kimekwisha pia. Saa ilikuwa imehama toka mfukoni na kukaa mkononi.

Lakini saa ya mkono ilikuwa na maadui ambao saa ya mfukoni haikuwajua sana: jasho, vumbi, mvua na mishindo. Hapo ndipo uchaguzi wa watengenezaji ulipoanza kutofautiana. Hans Wilsdorf, mzaliwa wa Ujerumani aliyeanzisha biashara yake London mwaka 1905 na kuihamishia Geneva baadaye, alichagua kuifunga saa isipenye maji. Mwaka 1926 kampuni yake ya Rolex ilitoa saa iliyoitwa Oyster, yaani chaza, ambayo mgongo wake na kitufe chake cha kutilia ufunguo vilikazwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Watu wakaona shaka. Wilsdorf akatafuta shahidi.

Mercedes Gleitze, mwanamke Mwingereza, alikuwa ameuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza mapema mwezi wa Oktoba 1927, na baadhi ya watu wakakataa kumsadiki. Tarehe 21 Oktoba aliingia tena baharini ili athibitishe, na mara hii alikuwa na saa ya Oyster. Baridi ilimshinda kabla hajafika ng'ambo, baada ya kukaa majini zaidi ya saa 10. Bali saa ilitolewa ingali ikienda. Mwezi uliofuata Rolex ikaitangaza habari hiyo katika ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail la London. Kwa namna hii kampuni ilipata bidhaa mbili kwa mara moja: saa isiyoingia maji, na hadithi ya kuiuzia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; walakini tangu zama zile hata chema kimekuwa kikitembezwa.

Mwaka 1953 ulikuwa mwaka wa baraka kwa saa za michezo. Maafisa wawili wa Kifaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wakiunda kikosi cha wazamiaji wa vita, wakatafuta saa ya kwenda nayo chini ya maji. Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa kampuni ya Blancpain ya Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa mzamiaji, aliwapa saa iliyoitwa Fifty Fathoms, maana yake Pima Hamsini. Wavuvi wa Wasini na Shimoni wataelewa jina hilo upesi kuliko watu wa bara, maana pima ni kipimo chao cha kamba na cha kina. Pima 50 ni mita 91 hivi. Mwaka huo huo Rolex nayo ilikuja na Submariner, ya kuzama mita 100.

Tuangalie jinsi chombo hicho kilivyofanya kazi, kwa sababu katika umbo lake tutaona nia ya aliyekibuni. Mzamiaji hakuhitaji sana kujua ni saa ngapi. Alihitaji kujua amekaa chini dakika ngapi, kwa kuwa hewa aliyobeba mgongoni ilikuwa na mwisho. Kwa hiyo uso wa saa ulizungushiwa pete yenye alama za dakika. Kabla ya kuzama aliigeuza pete hiyo mpaka alama yake ya kwanza ilingane na akrabu ndefu. Akiwa chini alitazama akrabu imekwenda umbali gani toka alama ile. Katika saa za kuzamia za miaka ya baadaye pete hugeuka upande mmoja tu, ili ikigongwa na mwamba kwa bahati mbaya impunguzie mzamiaji muda, isimwongezee. Tarakimu zilipakwa rangi ing'aayo gizani. Hapana hata kitu kimoja hapo kilichowekwa kwa ajili ya urembo. Kila kitu kilimlinda mtu asife.

Mwaka ule ule wa 1953, katika nchi zetu, yalianza mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari. Yaliasisiwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita katika maelfu ya kilomita za vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mgeni aliyesimama kando ya barabara alidhani ni mashindano ya mwendo. Kumbe yalikuwa mashindano ya saa. Kila gari lilipewa muda wa kutoka kituo hiki hata kile, na kuchelewa kuliandikwa kuwa adhabu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta wa Kenya na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila ya kuadhibiwa. Mehta alishinda tena kila mwaka toka 1979 hata 1982. Joginder Singh naye, fundi na dereva mashuhuri wa Kenya, alishinda miaka ya 1965, 1974 na 1976.

Madereva wa mashindano ya namna hii, katika nchi mbalimbali, walihitaji saa ya kusomwa kwa mtupo mmoja wa jicho huku gari likirukaruka. Kampuni ya Heuer ya Uswisi ilikuwa imechagua kuwahudumia watu hao. Ilitengeneza saa za kubandikwa mbele ya dereva, na mwaka 1963 Jack Heuer akatoa saa ya mkono aliyoiita Carrera, kwa kumbukumbu ya mashindano ya magari ya Meksiko. Uso wake aliupunguzia mistari na maandishi, ili jicho lisipotee. Makampuni mengine yalichagua kumhudumia mwamuzi badala ya mshindani. Omega ilipeleka saa 30 za kupimia mbio katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Na michezo ilipofanyika Tokyo mwaka 1964, kazi hiyo ilipewa Seiko ya Japani.

Huko Tokyo ndiko Wilson Kiprugut alikoipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, alipokuwa wa tatu katika mbio za mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Aliyekuwa wa pili alimtangulia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Msomaji apepese jicho mara moja, ndipo atakapojua ufupi wa muda huo. Na bado muda huo ulitosha kutenga nishani ya fedha na ya shaba. Hapo saa sahihi haikuwa anasa. Ilikuwa haki.

Mpaka hapa hadithi yetu ni ya namna moja: kazi ilikuja kwanza, na saa ikaifuata. Saa ya kuzamia ilikuwa ghali kuliko saa ya kawaida kwa kuwa ilikuwa ngumu kuitengeneza, na aliyeinunua alinunua usalama wake. Mwaka 1969 mambo yakageuka. Mnamo mwezi wa Julai mwaka huo saa ya Omega Speedmaster, iliyotolewa mwaka 1957 kwa ajili ya mashindano ya magari, ilifika mwezini mkononi mwa Buzz Aldrin wa Marekani. Haikuwa na betri. Ilikwenda kwa kamani na magurudumu yenye meno, kama saa za babu zetu. Ilikuwa kilele cha ufundi ule. Miezi mitano tu baadaye, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko iliuza Tokyo saa iliyoitwa Astron, ambayo ndani yake kipande cha jiwe la kwatsi, kikiamshwa na umeme wa betri, kilitetemeka mara 8,192 kwa sekunde moja. Saa nzuri ya kamani hukosea sekunde kadhaa kwa siku. Astron ilikosea sekunde 5 kwa mwezi. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, thamani iliyokaribia ya gari dogo. Lakini katika miaka michache saa za aina hiyo zikawa rahisi, mpaka mwanafunzi akaweza kuivaa.

Mapigo yalikuwa makali huko Uswisi. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya nchi hiyo vilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Fikirini hali ya fundi aliyejifunza tangu ujana kuikaribia sekunde kwa faili na kioo cha kukuzia, kisha akaona saa ya plastiki iliyoundwa na mashine ikimshinda kwa usahihi. Kama kazi ya saa ni kusema wakati kwa kweli, basi yeye hakuwa na kazi tena. Hapo watengenezaji walilazimika kujiuliza swali ambalo hawakuwa wamejiuliza kwa miaka mia mbili: tunauza nini? Nao hawakujibu kwa sauti moja.

Wako waliochagua kumpa kila mtu. Huko Japani Kikuo Ibe wa kampuni ya Casio, baada ya kuanguka na kuvunjika kwa saa aliyopewa na baba yake, aliamua kutengeneza saa isiyovunjika: iweze kuanguka toka mita 10, istahimili nguvu ya maji ya baa 10, na betri yake idumu miaka 10. Mwaka 1983 ikatoka saa ya G-Shock. Mwaka huo huo Uswisi ikatoa Swatch, saa ya plastiki yenye rangi nyingi na vipande 51 tu, pungufu sana ya vipande vya saa ya kawaida. Saa hizi ziliokoa viwanda, na ziliwapa watu wengi sana kitu ambacho zamani kilikuwa cha wachache.

Wako waliochagua njia ya pili, ya kuwapa wachache. Mwaka 1972 kampuni ya Audemars Piguet ilitoa saa iliyoitwa Royal Oak, iliyochorwa na Gérald Genta. Haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma cha pua, na parafujo nane zilizokaa wazi juu ya uso wake zilikumbusha kofia ya chuma ya mzamiaji. Bei yake ilikuwa zaidi ya faranga 3,000 za Uswisi, ikazipita saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Watu walistaajabu, kisha wakanunua. Mwaka 1976 Patek Philippe ikafuata kwa saa ya chuma iliyoitwa Nautilus, nayo pia ya Genta. Yatupasa tutambue kilichotendeka hapo. Sura ya kazi, yaani parafujo, chuma na ugumu wa mzamiaji, ilichukuliwa ikafanywa vazi la mtu ambaye huenda asizame hata siku moja. Kilichouzwa kilikuwa ni ustadi wa mkono uliosugua kila ukingo wa chuma, uchache wa saa zenyewe, na jina.

Njia ya tatu ilikuwa ya kutobadilika sana. Rolex, ijapokuwa nayo ilitengeneza saa chache za kwatsi, iliendelea na Submariner yake ya kamani, ikiirekebisha kidogo kidogo pasipo kuiondolea sura ya mwaka 1953. Iliendelea pia kusimulia safari zake, kama ile ya tarehe 23 Januari 1960, wakati saa ya Rolex iliyofungwa nje ya chombo cha Trieste ilipofika chini ya bahari ya Pasifiki, kiasi cha mita 10,916, na kurudi ikienda. Kampuni hii ilichagua kuuza uaminifu wa kale. Anayeinunua hununua pia Gleitze, na Trieste, na wazamiaji wote waliomtangulia.

Na kazi yenyewe, je? Kazi imehama. Tangu miaka ya 1980 wazamiaji wamekuwa na kompyuta ndogo za mkononi zinazopima kina na muda, na kuwaonya wapande juu kwa utaratibu. Mkimbiaji wa leo afanyaye mazoezi Iten au Kaptagat akitaka kujua mwendo wake huvaa saa inayopokea ishara za setilaiti, ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya saa ya kifahari. Saa ghali ya kuzamia ingali na pete yake, na rangi yake ing'aayo gizani, na nguvu yake ya kustahimili maji. Lakini wengi wanaoivaa huipeleka karamuni. Chombo kimegeuka pambo.

Asije mtu akadhani kwamba nasema haya ili kulidharau pambo. Pwani yetu haikuwa nchi ya watu wasiojua fahari. Watawala wa Vumba Kuu, mji wa kale ulio karibu na mpaka wetu wa kusini, waliitwa Diwani, na miongoni mwa alama za heshima yao ilikuwa siwa. Siwa haikuita watu kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora kuliko ya baragumu la kawaida. Iliita kwa kuwa watu wote walijua maana yake. Katika nchi ya Omani, ambako wako wasemaji wengi wa Kiswahili, Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala toka mwaka 1970 hata 2020, aliagiza katika miaka ya 1970 saa za Rolex zilizotiwa usoni nembo ya Omani, yaani jambia na panga mbili, akawatunukia watu waliomtumikia. Aliyepewa saa hiyo hakupewa wakati. Alipewa shukrani ya mfalme. Kabla ya hapo ukoo ule ule wa saa ulikuwa chombo cha mpiga mbizi. Mkononi mwa sultani ukawa sawa na jambia lenyewe.

Lakini iko tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha makala hii. Siwa haikuuzwa dukani. Heshima yake ilitoka katika mji, nao mji ulimjua aliyepigiwa na sababu ya kupigiwa. Saa ya sultani nayo ilikuwa na tendo nyuma yake. Saa ya kifahari iliyonunuliwa dukani hudai heshima ya aina ile ile bila ya tendo lolote ila kulipa. Hutegemea watu wanaoitazama wasiulize swali. Ndiyo maana saa za bandia zimeenea kila mahali: ikiwa kinachonunuliwa ni jina tu, basi ni rahisi kuiba jina. Hapana aibiye usahihi wa sekunde, kwa sababu usahihi siku hizi ni wa bei ndogo.

Vijana wa Kwale mko katika njia panda ya mambo haya. Diani mgeni hupita ufukoni na saa mkononi mwake yenye thamani ya mapato ya mvuvi kwa miaka mingi, nayo imeandikwa kwamba yaweza kuzama mita 100 au 300. Kando yake mwanamke wa Kivumba au wa Kidigo anarudi toka mwambani na pweza, bila ya saa. Aliingia majini kwa wakati na kutoka kwa wakati, kwa sababu anazijua siku za mwezi na mwendo wa maji. Mmoja ana chombo cha bahari, na wa pili ana elimu ya bahari. Kijana ambaye angewauza mbuzi wawili wa mama yake ili anunue saa bandia yenye jina la yule mgeni, hangepata chombo wala elimu. Angepata maandishi juu ya kipande cha bati, na pengine maji yangeingia siku ya mvua ya kwanza.

Simwambii kijana asitamani kitu kizuri. Fundi wa Uswisi asuguaye chuma mpaka king'ae kama maji anastahili sifa yake, na saa ya kamani iliyotunzwa yaweza kufunguliwa, kusafishwa na kurithiwa na mjukuu, jambo ambalo saa nyingi za plastiki haziwezi. Mwenye mali yake halali akitaka kuununua ustadi huo, hana kosa. Nataka msomaji ajue anachonunua. Anapoonyeshwa saa, au kitu kingine chochote cha dukani, na ajiulize mambo matatu: kitu hiki kilibuniwa kwa kazi gani? Je, mimi nina kazi hiyo? Na kama sina, ile fedha ya ziada ninalipia nini: ustadi, hadithi, au macho ya watu? Akiweza kujibu, na anunue au aache kwa hiari yake.

Harrison alimpa baharia njia ya kurudi kwao, Fiechter akampa mzamiaji dakika zake, Ibe akampa mtu wa kawaida saa isiyovunjika, na Genta akampa tajiri chuma kilicho ghali kuliko dhahabu. Kila mmoja alichagua, na hakuna aliyemshika mnunuzi mkono kwa nguvu. Uchaguzi wa mwisho umebaki kwetu sisi tunaovaa, na ambao kila asubuhi, akrabu inapofika kwenye 7, tungali twasema kwa haki kabisa kwamba ni saa moja.